Mzazi Anayetafuta Kazi Haombi Sadaka



Mwezi wa Januari katika milima yetu ya Bungu ni mwezi wa wazazi kuhesabu. Mahindi ya vuli bado yako shambani, iliki imekwisha kuuzwa, na shule zinafunguliwa. Ni haki kusema wazi kwamba ada imeondolewa: katika shule za msingi tangu mwaka 2002, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Mwenye kudai kwamba hakuna kilichofanyika hasemi kweli. Lakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala madaftari, wala nauli ya kumshusha mtoto Korogwe, wala godoro la bweni, wala ile michango inayoitwa ya hiari ambayo mtoto huulizwa habari zake mbele ya wenzake. Basi mzazi huingia katika mwezi huo akiwa na mikono mitupu, naye huanza kubisha hodi.

Hubisha kwa jirani, hubisha kwa mwenye duka, na hatimaye hufika kwa katekista au kwenye nyumba ya mapadre. Mara nyingi haondoki hivi hivi. Hupewa kilo chache za unga, au noti moja kutoka katika kisanduku cha maskini, akashukuru na kwenda zake. Januari inayofuata hurudi na swali lile lile. Wako wanaomwita mvivu kwa sababu ya kurudi kwake. Mimi nasema anarudi kwa kuwa alichokuja kutafuta hakikuwa unga. Alikuja kutafuta mambo mawili: fedha kidogo ya kumvusha mpaka mavuno, na kazi itakayomwondolea haja ya kubisha tena.

Juu ya jambo hili nasikia maoni ya namna mbili katika mikutano yetu. Wa kwanza husema kwamba kazi ya Kanisa ni sadaka, na ikiisha kutolewa wajibu umekwisha. Wa pili husema kwamba mambo ya fedha na ajira ni ya Serikali, nasi tusiyaingilie. Sikubaliani na upande wowote. Papa Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, aliuweka ujira wa mtu kuwa jambo la haki wala si la hisani; na Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, alifafanua kwamba familia inapaswa kupata riziki yake kwa mshahara unaotosha, au, pale mshahara usipotosha, kwa posho na mafao ambayo jamii inampa mzazi kwa sababu ya ulezi wake. Alifundisha pia kwamba si yule tu anayelipa mshahara Jumamosi mwenye kuwajibika. Wamo na wote ambao maamuzi yao huifanya kazi ipatikane au ikosekane, iwe ya haki au ya dhuluma. Ukilipokea fundisho hilo, huwezi tena kusema kwamba ofisi ya kijiji, halmashauri ya wilaya, shamba la chai na parokia ni visiwa vinne visivyohusiana.

Huduma za kumsaidia mzazi zipo. Zimeandikwa katika sheria, zina ofisi na wakati mwingine zina fungu la fedha. Ila kati ya ofisi na mlima kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo wanamopotelea wale ambao huduma iliwekwa kwa ajili yao.

Tuanze na ile inayojulikana zaidi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na kwa miaka yake ya mwanzo watu waliujua kwa madarasa na zahanati. Mwaka 2012 ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na hapo ndipo fedha ilipoanza kufika mkononi mwa mama. Katika kipindi chake cha kwanza kaya ilipewa ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezewa kwa ajili ya watoto, hasa wale waliohudhuria kliniki na shule, hata jumla isizidi shilingi 38,000. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Wenye nguvu za kufanya kazi walipewa ajira za muda, siku 60 kwa mwaka kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku, wakichimba mifereji, wakipanda miti na kutengeneza njia za vijiji. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020.

Fedha hizo ni kidogo, sibishi. Lakini asiyewahi kulala bila chumvi ndani asizidharau. Kabla mpango haujaenezwa nchini, ulijaribiwa katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010, na waliofanya tathmini walikuta kwamba kaya zilizopata ruzuku zilielekea zaidi kuwa na bima ya afya, kununulia watoto viatu, na kuongeza mifugo midogo kama mbuzi na kuku. Nawaomba wale wanaorudia kila siku kwamba maskini akipewa fedha hulewa wayatafakari mambo hayo matatu: bima, viatu na kuku. Ndivyo anavyofanya mzazi yeyote mwenye akili timamu, tajiri kwa maskini. Wahenga walikwisha kuyaona haya waliposema kwamba masikini haokoti, akiokota huambiwa kaiba.

Ugumu mkubwa haukuwa katika fedha. Ulikuwa katika orodha. Kwa utaratibu wa mpango huo majina hupendekezwa na jamii yenyewe katika mkutano wa kijiji, kisha kaya huulizwa maswali na wakusanyaji wa taarifa, majibu hupimwa kwa vigezo, na orodha hurudi kijijini kuthibitishwa. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri sana. Lakini fikirini ni nani anayehudhuria mkutano wa hadhara siku ya kazi. Aliye maskini kuliko wote siku hiyo yuko katika shamba la mtu mwingine, akilima kibarua ili watoto wale jioni. Binti aliyezalia nyumbani huhesabiwa ndani ya kaya ya mama yake, kana kwamba mtoto aliyemzaa ni mdogo wake. Mjane aliyerudi kwao baada ya mazishi hana mlango wake mwenyewe, na asiye na mlango hana kaya. Mwanamume aliyevunjika mguu kwa kuanguka mtini huona haya kutajwa. Na yule ambaye ana nyumba ya bati aliyoijenga kaka yake wa Dar es Salaam, naye hana hata jembe, ataambiwa ana bati. Pasipo mtu yeyote kuiba hata senti moja, orodha inaweza kuwa na dhuluma ndani yake.

Sisemi kwamba hakuna anayeiba. Nasema tu kwamba tukikazana kumtafuta mwizi peke yake, hatutamwona yule ambaye hakuandikwa.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinatusimulia kwamba katika jumuiya ya kwanza ya Yerusalemu, ile tunayoisifu kila mara kwa kuwa na mali zote shirika, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, nao watu wao wakanung'unika. Angalieni walivyofanya mitume. Manung'uniko hawakuyaita uchochezi, wala wajane hawakuambiwa washukuru kwa kidogo. Waliitisha mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgawo. Na ukiyasoma majina ya hao saba, yote ni ya Kiyunani. Wasimamizi walitoka upande wa wale waliokuwa wakisahauliwa! Mara nyingi tumelihubiri fungu hili kama habari ya daraja la ushemasi, na ni sawa. Lakini kabla ya kuwa habari ya daraja ni habari ya orodha iliyorekebishwa.

Katika vijiji vyetu ziko kamati za usimamizi za jamii zenye kazi ya kupokea malalamiko ya mpango. Wajumbe wake, na wajumbe wa serikali za vijiji, baadhi yao ni wasomaji wa kijarida hiki. Siwaombi wavunje utaratibu wala kuwapendelea Wakatoliki wenzao. Nawaomba wahakikishe kwamba katika kila kamati yumo mama ambaye mwenyewe ameonja kuachwa. Na jumuiya ndogo ndogo, ambazo hukutana nyumba kwa nyumba na kwa hiyo zinajua nani hakupika jana, zichukue wajibu wa kujua tarehe ya mkutano mapema, kumshikia kibarua chake yule mhitaji ili apate nafasi ya kuhudhuria, na kusimama kando yake anapoulizwa maswali. Shahidi mmoja anayeaminika ana uzito mkubwa mbele ya karatasi.

Wako ndugu zetu Zanzibar walioamua kuikwepa kabisa shida ya orodha, walau kwa wazee. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama ana bati au ana nyasi. Kinachoulizwa ni umri na ukaazi tu. Kwa maoni yangu njia hiyo ndiyo yenye heshima zaidi, na ingefaa Bara nayo iitazame kwa makini. Kwani katika milima hii ni nyanya wangapi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako mjini au wametangulia mbele ya haki? Ukimpa bibi pensheni, umemnunulia mjukuu daftari.

Sasa tuje kwenye mikopo. Tangu mwaka 2018, kwa kifungu cha 37A kilichoongezwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri imetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho yaliyopotea. Mwaka 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikateuliwa kujaribu kuitoa kwa njia ya benki. Mojawapo ya hizo kumi ilikuwa Bumbuli, majirani zetu. Hivyo hatuwezi kusema kwamba habari hizi ni za mbali.

Niseme kweli yangu hapa. Halmashauri ya vijijini hukusanya kidogo, na asilimia 10 ya kidogo ni kidogo zaidi. Lakini sababu inayowakosesha akina mama wetu si udogo wa fungu peke yake. Kikundi kinadaiwa katiba, kinadaiwa usajili, akaunti ya benki, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Mama anayejua kulima tangawizi na kuichagua kwa jicho kuliko bwana shamba yeyote hushindwa mbele ya neno "andiko". Akishindwa, hujitokeza kijana mwenye maneno mengi, akamwandikia kwa malipo, na mkopo ukitoka kijana naye hudai sehemu yake. Sijui kama hilo liitwe rushwa au liitwe biashara. Najua kwamba katika kila kigango tuna mwalimu mstaafu anayeweza kuandika katiba ya kikundi kwa jioni mbili, bure.

Na mahali ambapo mkopo wa haki haufiki, hufika ule mwingine. Watu wenyewe wameupa jina la "kausha damu", na jina hilo halihitaji ufafanuzi. Anayekuja kukopesha haulizi andiko. Anauliza kitambulisho, kadi ya benki, na kitanda. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewataka wakopeshaji wote wawe na leseni, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayetoza kwa wiki kile ambacho sheria inakataza kwa mwezi anavunja sheria, na anayemchukulia mama vyombo vya ndani bila amri ya mahakama anaweza kushitakiwa. Wachache wanalijua hili. Hata katika karne ya 15 Kanisa lilipambana na balaa hili hili: mwaka 1462, katika mji wa Perugia nchini Italia, Wafransisko walisaidia kuanzisha mfuko wa kukopesha maskini kwa dhamana ndogo, kusudi waokolewe na makucha ya walanguzi wa fedha. Walijua kwamba kuhubiri dhidi ya riba bila kuweka mahali pengine pa kukopa ni kumpigia kelele mtu anayezama.

Mahali pengine pa kukopa tunapo. Vikundi vya VICOBA vilianza kuenea nchini mwetu kuanzia mwaka 2000, vikifuata mfano wa akina mama wa Niger wa mwaka 1991: hisa ndogo za kila wiki, kisanduku chenye kufuli tatu zinazoshikwa na watu watatu, mfuko wa jamii kwa ugonjwa na msiba. Hata kabla ya hapo mama zetu walicheza upatu, na milima yetu ilijua msaragambo kabla ya kujua benki. Ninavipenda vikundi hivi. Hata hivyo vina udhaifu mmoja ambao mara chache unasemwa: asiye na hisa ya wiki hii hawezi kuingia. Mama maskini kuliko wote hubaki nje ya VICOBA kama alivyobaki nje ya mkutano wa kijiji. Na pia viko vikundi vinavyokopesha kwa sherehe na vitenge wala si kwa shamba, kisha mwisho wa mwaka vinavunjwa kwa ugomvi.

Padre Moses Coady, aliyeongoza ushirika miongoni mwa wavuvi na wakulima wa Antigonish nchini Kanada katika miaka ya 1930, hakuanza na fedha. Alianza na vikundi vya kusoma. Watu wachache walikaa jikoni kwa mmoja wao, wakajiuliza kwa nini samaki wao ananunuliwa kwa bei ya chini na kuuzwa kwa bei ya juu, na anayefaidi katikati ni nani. Baada ya kujibu ndipo walipofungua chama cha akiba na kiwanda chao. Chuo kilichopewa jina lake mwaka 1959 kimefundisha wanaushirika wengi wa Afrika. Swali lake linatufaa. Iliki ya Bungu, tangawizi ya Bungu, maharage ya Bungu: ni nani anayefaidi katikati? Jumuiya inayosoma Injili kila wiki ina uwezo wa kuongeza nusu saa ya swali hilo.

Nimekuja sasa kwenye kazi yenyewe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini. Wilaya ya Korogwe haikukosa kamwe watu wa kutafutiana kazi. Iliyokosekana ni huduma ya kumtafutia kazi mzazi kwa faida yake mwenyewe. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika walianzisha ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, iliyowaleta watu kwa malori na treni kutoka Songea, Kigoma, hata ng'ambo ya mipaka. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Ofisi ile ilikuwa hodari sana. Ilijua idadi ya mikono inayohitajika na mahali pa kuipata. Haikuulizwa watoto wa mwenye mikono wanakula nini huko alikowaacha. Hata leo mababu wa wengi wanaoishi katika kambi za zamani za mkonge kule bondeni walifika kwa namba hizo.

Siku hizi upo Wakala wa Huduma za Ajira wa Serikali. Ni jambo jema, lakini ofisi zake ziko mijini na anayemfikia kwa urahisi ni kijana mwenye cheti na simu ya kisasa. Mama wa Bungu mwenye watoto wanne hana cheti. Kazi iliyo karibu naye ni kuchuma chai, Dindira au Ambangulu, au kibarua cha jirani. Na chai nayo ina misimu na misukosuko yake. Wenzetu wa Bumbuli wanakumbuka jinsi kiwanda cha Mponde kilivyofungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro kati ya wakulima wadogo na mwekezaji, na Serikali ikakitwaa tena mwaka 2016. Katika miaka hiyo jani lilikomaa shambani, na kaya zilizoishi kwa mizani ya kila siku zikajifunza kuishi bila mizani.

Anayepata kazi ajue haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa mapacha. Baba hupewa siku 3. Na mama anyonyeshaye anapewa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Kwa kawaida haki ya likizo yenye malipo haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita, na ndiyo maana kuna vibarua wanaoondolewa kabla ya miezi sita kutimia. Lakini sheria hiyo hiyo imewafungulia mlango wa likizo wafanyakazi wa msimu, na imeruhusu kujumlisha vipindi vya yule anayerudi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka. Mchuma chai aweke daftari la siku alizofanya kazi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwanawe. Kima cha chini cha sekta ya kilimo kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Hukaguliwa na kubadilishwa mara kwa mara, na kila kinapobadilishwa tangazo lake lingefaa kubandikwa ukutani mwa kigango kando ya ratiba ya Misa.

Kuna na jambo la mabinti wetu. Mzazi aliyekosa kazi huja kumtoa binti yake, akapelekwa Tanga au Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, kwa mkono wa dalali ambaye hata jina lake la pili halijulikani. Sitawahukumu wazazi hao. Nataka tu kuuliza kwa nini jumuiya ndogo ndogo, ambazo zimetandazwa kutoka hapa mpaka kila mtaa wa Dar es Salaam, zinatumika kusali na kuzikana tu. Binti aliyetimiza umri wa kazi, na awe na barua ya jumuiya yake. Jumuiya ya huko aendako imtembelee wiki ya kwanza, ijue jina la mwenye nyumba, mshahara waliopatana, na siku yake ya mapumziko. Dalali hapendi kabisa maswali ya namna hiyo.

Kwa hiyo napendekeza kwa halmashauri za walei kitu kidogo sana: meza. Siku moja kwa wiki, katika kila kigango, meza moja na viti viwili. Juu ya meza daftari, kalamu, na nakala za fomu zinazotakiwa katika ofisi ya kata. Nyuma ya meza akae mtu anayejua kusoma barua ya Serikali, kuandika katiba ya kikundi, na kutunza siri. WAWATA wanao watu wa namna hiyo. Mezani pafike mwenye shida ya orodha, mwenye deni la kausha damu, mwenye kutafuta kibarua. Na pafike pia mwenye shamba anayetafuta wachumaji, ili wakutane bila dalali. Asiulizwe mtu dini yake. Katika milima hii sisi Wakatoliki si wengi, majirani zetu ni Waislamu na Walutheri, na mzazi wa Kiislamu asiye na sare ya mwanawe hana tofauti na mzazi wetu. Wala asiulizwe kama amelipa zaka. Wako watakaoona kwamba ninalegeza nidhamu ya parokia. Mimi naona kwamba daftari la zaka na daftari la njaa ni madaftari mawili.

Jambo la mwisho ni watoto wadogo. Mama hawezi kuchuma chai na mtoto wa miaka miwili miguuni, na mara nyingi anayebaki kumlea ni dada yake wa darasa la tatu, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Programu ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inatambua vituo vya kulelea watoto vinavyoendeshwa na jamii. Majengo ya vigango vyetu hukaa matupu kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Yana paa, yana sakafu, mengine yana na tangi la maji. Kinachohitajika ni akina mama wawili wa zamu walipwe kitu kutoka kwa wale wanaokwenda shambani, sufuria ya uji, na kibali cha ofisi ya ustawi wa jamii.

Daftari na sufuria vinaweza kununuliwa kwa sadaka ya Dominika moja. Mtu wa kukaa mezani kila wiki ndiye atakayekuwa mgumu kupatikana, na kwa hilo naomba kila kigango kilete jina moja katika kikao cha mwezi Februari, kabla masika hayajaanza kuharibu barabara.